Mimi na Somo Yangu

Novemba 2015, katika hoteli moja Nairobi, nilipewa karatasi ya manjano na kalamu ya wino mzito, nikaambiwa nimalizie sentensi: "Mimi ni raia wa dunia kwa sababu…" Tulikuwa vijana thelathini na kitu, wengi Wakenya, wengine wa nchi jirani, wachache wa Ulaya. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine hadi nikajitanda leso mbili. Wenzangu waliandika mbio mbio. Mmoja alisema ana marafiki katika mabara manne. Mwingine akasema hewa haina mpaka. Mimi niliandika: "Kwa sababu kinachomuumiza mtu popote kinaniumiza na mimi." Mwezeshaji akaisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi, karatasi yangu ikabandikwa ukutani.

Wakati wa chai nikafungua simu. Palikuwa na ujumbe kutoka namba nisiyoijua. "Somo, laini imefungwa tena. Wanataka mwenye kipande aje mwenyewe. Utakuja lini?"

Mwenye kipande ni mimi. Laini ni yake.

Nikamjibu kwamba niko kwenye semina, nitakuja Disemba. Halafu nikarudi ukumbini kuzungumzia dunia.

*

Kwetu Pwani watu wawili wenye jina moja huitana somo. Mimi nimezaliwa Gazi, kusini mwa Mombasa, Mdigo kwa baba na mama. Yeye kazaliwa Makongeni, kijiji jirani, mwendo wa mguu tu. Wazazi wake ni Wamakonde. Darasani tulikuwa wawili wenye jina hilo, mwalimu akatutenganisha: yeye Mkubwa, mimi Mdogo. Ukubwa wenyewe ulikuwa wa wiki tatu.

Babu yake alitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama Wamakonde wengi walioletwa pwani hii kuanzia miaka ya 1930. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita vya ukombozi kule kwao. Baba yake kazaliwa hapa hapa Kwale, akachonga mpingo maisha yake yote. Vinyago vyake viliuzwa kwa watalii wa Diani, vikapanda ndege kwenda nchi ambazo mchongaji mwenyewe hangeweza kwenda, manake hakuwa na pasipoti, wala kitambulisho cha kuombea hiyo pasipoti.

Mwaka 2006 tulifanya KCPE. Mimi nilipata alama 291. Yeye alipata 347. Fomu ya basari ilikuwa na sehemu ya namba ya kitambulisho cha mzazi. Baba yangu aliijaza yangu kwa tarakimu kubwa kubwa. Baba yake aliishika ile ya Somo jioni nzima, akairudisha shuleni kesho yake ikiwa safi kama alivyoipokea. Mimi nikaenda sekondari. Somo akaenda kuuza mahamri stendi.

Mwaka 2010 tukatimiza miaka kumi na minane. Ndio mwaka ambao Wakenya walipitisha Katiba mpya kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, na sisi tulijiona tumekomaa pamoja na nchi. Tukaenda kuomba vitambulisho siku moja, buibui zimepigwa pasi. Afisa akauliza majina, tukataja lile moja, akacheka.

"Baba kazaliwa wapi?"

"Gazi," nikasema.

"Na wewe?"

"Makongeni."

"Na babu?"

Mimi sikuulizwa babu. Somo akanyamaza kidogo, kisha akasema ukweli. Afisa akaisukuma fomu yake kando. "Wewe mwanangu, rudi siku nyingine." Siku nyingine yenyewe haikutajwa ni ipi.

Asiye na kitambulisho Kenya hasajili laini ya simu, hafungui akaunti benki, haandikwi kazi ya maana, hapigi kura. Akikutana na askari usiku ana maelezo marefu ya kutoa. Basi nikamsajilia laini kwa kipande changu. Najua haikuwa sawa kisheria. Lakini wateja wa mahamri wanataka kulipa kwa M-Pesa, wafanye nini? Na kila walipolipa, jina lililotokea kwenye simu zao lilikuwa langu: jina letu sote wawili, halafu jina la baba yangu. Baba yake akawa amefutika hapo.

*

Siku ya pili ya semina tulifundishwa maneno hayo yanatoka wapi. Tukaambiwa kwamba Diogenes, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliulizwa anatoka wapi, akajibu kwamba yeye ni raia wa ulimwengu. Sote tukaandika. Ilipendeza: mtu anakataa kufungwa na kamji kamoja, anachagua dunia nzima.

Miaka baadaye ndipo nikasoma kwamba Diogenes alikuwa mtu wa kufukuzwa. Inasimuliwa kwamba aliondoshwa Sinope, mji wake, kwa shauri la kuharibu sarafu, akaishia Athens, mahali ambapo hakuwa raia. Kwa hivyo alipoulizwa anatoka wapi, huenda halikuwa swali la kupiga soga. Lilikuwa swali la yule afisa wetu. Siku hizi nikilifikiria jibu lake nasikia uchungu ndani yake: nyinyi mmeninyima mji, haya, yangu ni yote. Sisi pale hotelini, wenye vitambulisho mikobani, tulilichukua jibu la mtu asiye na kwao tukalivaa kama mkufu.

Baada ya chakula, mtoa mada akaonyesha picha ya mikoko. Nikaruka kitini. "Hapo ni kwetu!"

Ilikuwa Ghuba ya Gazi. Vijiji vya Gazi na Makongeni vina mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, kaboni inayohifadhiwa na ile miti na matope yake inapimwa, watu na kampuni za ng'ambo wanailipia, na pesa zinarudi kijijini kwa maji, shule na mengineyo. Ni kati ya miradi ya mwanzo kabisa duniani kufanya hivyo kwa mikoko. Mtoa mada akasema, huu ndio uraia wa dunia kwa vitendo: mtu wa Ulaya na mtu wa Gazi wanatunza hewa moja.

Si uongo. Lakini picha ile ilipigwa maji yamejaa, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Mimi nilijua kinachokuwa nyuma ya picha. Ni baraza. Watu wamekaa chini ya mti wanabishana: pesa ziende kwenye maji au kwenye vitabu? Zamu ya usiku ya kuwazuia wakata boriti ashike nani? Hesabu hebu isomwe tena, polepole. Nimemwona Somo kwenye baraza kama hilo, amesimama na mtoto mgongoni, anauliza mtungi mmoja wa maji utauzwa shilingi ngapi na ufunguo wa mfereji atakaa nao nani. Wazee wakamjibu. Hakuna aliyemuuliza kipande. Mkaa Makongeni ni mkaa Makongeni.

Pale hotelini tulifundishwa pia uraia tendaji, lakini kama ngazi ya chini: kwanza uwe raia mwema mtaani kwako, kisha wa nchi, ukikomaa unakuwa wa dunia. Nilikubali wakati ule. Sasa naona ni vitu viwili vyenye tabia tofauti, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Uraia wa dunia unaanza moyoni. Unasema mtu ni mtu, wa Gazi au wa Aleppo. Hilo ni jambo kubwa na silidharau. Ugonjwa wake ni kwamba hauna ofisi. Ukionewa kama raia wa dunia, utabisha mlango gani? Dunia haina chifu, haina mbunge wa kulaumiwa, haina daftari la wapiga kura. Ndio maana ni rahisi mno kuuandika kwenye karatasi ya manjano.

Uraia tendaji unaanza na ufunguo wa mfereji. Una kelele, unachosha, unakula Jumamosi zako, na makofi ni nadra. Lakini kuna mtu wa kuulizwa na siku ya kumuuliza. Ugonjwa wake ni kwamba duara lake hufungika. Wale wale wanaojua kumbana mwakilishi wa wadi mpaka akatoa jasho ndio wanaoweza kugeuka wakasema: hawa wa kuja wasihesabiwe, basari ni ya wenyeji. Nimeyasikia hayo kwetu, kutoka vinywani mwa watu ninaowaamkia shikamoo.

Hata lugha yetu inajua ugomvi huu. Neno raia tumelitoa kwenye Kiarabu, na kule asili yake ni mifugo inayochungwa, kisha ikawa watu walio chini ya mtawala. Neno mwananchi ni letu wenyewe: mtoto wa nchi. Raia anachungwa, mwananchi amezaliwa. Somo alizaliwa, baba yake alizaliwa, na bado hawakuwa hata kwenye zizi.

Na tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamakonde walipewa jembe siku ya kwanza. Walilishika miaka themanini, na bado walikuwa wageni.

*

Oktoba 2016 Somo akanipigia.

"Somo, twaenda Nairobi."

"Kufanya?"

"Kwa Rais. Kwa miguu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Somo, ni karibu kilomita mia tano."

"Babu alikuja kutoka mbali kuliko huko." Akanyamaza. "Utakuja tutembee?"

Nilikuwa na usaili wa viza wiki hiyo. Nilikuwa nimealikwa mkutano wa vijana Ulaya, kuzungumzia, ndiyo, uraia wa dunia. Nikamwambia nina usaili. Akasema, "Haya, Mungu akufanyie wepesi," na najua alimaanisha.

Sheria ya uraia ya 2011 ilikuwa imewafungulia njia watu wasio na nchi walioishi hapa tangu kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, na vizazi vyao, waombe kuandikishwa. Lakini njia hiyo ilikuwa na muda wake, na muda ulikuwa unayoyoma huku mafaili hayasogei. Wamakonde, pamoja na watetezi wa haki waliowaunga mkono, wakaamua kwamba karatasi zikikataa kutembea watatembea wenyewe.

Niliandika maneno marefu kwenye Facebook. Watu mia mbili na zaidi walipenda. Somo hakuyaona, laini yake haikuwa na bando.

Siku ya pili alinipigia kutoka barabarani. Askari walikuwa wamewasimamisha, wakazungumza nao, wakaendelea. Kuna akina mama wenye watoto wachanga, alisema. Miguu imefura. Nikamwambia namtumia elfu moja ya maji na mkate. Nikatuma. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia: elfu moja imetumwa kwa, halafu jina langu lote, na la baba yangu. Kwa mtambo wa simu nilikuwa nimejitumia mwenyewe. Nilikaa nikiutazama ule ujumbe. Mtambo haukukosea. Pesa ile ilikuwa ya kunituliza mimi.

Usiku ule nikatoa Katiba, nikasoma kwa mara ya kwanza bila mtihani mbele yangu. Kifungu cha 37 kinatoa haki ya kukusanyika kwa amani, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya umma. Wengi wetu tulikuja kukijua vizuri Juni 2024, vijana walipokibeba kwenye mabango kuupinga Mswada wa Fedha. Lakini tazama kinaanzaje: haki hiyo ni ya kila mtu. Kifungu kinachofuata, cha 38, cha kupiga kura na kugombea, ndicho kinachosema kila raia. Kwa maana nyingine, waliotunga Katiba waliacha mlango mmoja ambao mtu anaweza kuupita bila kitambulisho, kwa miguu yake tu. Somo hakuwahi kukisoma kifungu hicho. Alikuwa ndani yake tayari, mahali fulani kwenye barabara ya Mombasa.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba uraia huja kwanza, kisha vitendo. Unapewa karatasi, ndipo unawajibika. Wale watu waligeuza mambo. Walifanya kazi ya uraia kwanza, wakiwa hawana nchi, na nchi ikabidi iwafuate.

Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea Ikulu na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Disemba. Vikaanza kutolewa. Mwanzoni mwa 2017 Wamakonde wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Na usaili wangu? Ubalozi mmoja uliniuliza kwa upole nithibitishe kwamba nitarudi kwetu. Nina shamba? Nina mume? Nina kazi ya kudumu? Nikawaonyesha cheti cha semina. Wiki mbili baadaye viza ilikataliwa. Sababu iliyowekewa alama: hakuna uhakika kwamba mwombaji ataondoka baada ya mkutano. Nilicheka peke yangu mle kwenye matatu. Ili nikubaliwe kuwa raia wa dunia kwa siku nne, ilibidi nionyeshe mizizi yangu mahali pamoja.

*

Tarehe 8 Agosti 2017 tulipanga foleni pamoja, mimi na Somo, tangu alfajiri. Alikuwa amekishika kitambulisho mkononi, hakutaka kukitia mkobani. Nikamwambia, "Utakitoa jasho." Akasema, "Acha kitoke. Kina deni na mimi."

Baadaye mwezi huo tukaenda kuhamisha laini. Kijana wa dukani akatazama vitambulisho viwili, akatazama skrini, akatutazama sisi.

"Sijaelewa. Inatoka kwa nani inaenda kwa nani? Jina si ni hilo hilo?"

"Soma mpaka mwisho," Somo akamwambia.

Hiyo ingekuwa tamati nzuri, lakini Somo hakuishia hapo. Mwaka uliofuata alianza kuhudhuria vikao vya kaunti vya kusikiza maoni ya wananchi juu ya bajeti. Nilimsindikiza kimoja. Watu walikuwa wachache, stakabadhi zilikuwa za Kiingereza na nene kama mto wa kulalia, na soda zilitoka kabla ya maswali. Somo akanyanyua mkono, akaomba mtu atafsiri ukurasa wa zahanati. Ikachukua dakika arobaini. Baadhi ya watu walikereka. Sijui kama fungu la zahanati liliongezwa hata shilingi. Najua kwamba kikao kilichofuata walikuja na muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili.

Nikamuuliza siku moja kama anajiona raia wa dunia. Alikuwa anakanda unga. Akafikiri.

"Dunia ipi? Hii ya kwenu ya semina?"

"Yoyote."

"Mimi najua Wapemba," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Alikuwa amenielewa. Wapemba wameishi pwani yetu, Kwale na Kilifi, kwa vizazi. Ni wavuvi wenye asili ya kisiwa cha Pemba, na Wamakonde walipopata, wao bado hawakuwa na vitambulisho. Wengine kwetu walisema hao ni Watanzania, warudi kwao, lugha ile ile iliyotumika kwa baba yake Somo. Ningemwelewa kama angesema yangu yameisha, nipumzike. Watu wengi wakishapita mlango huufunga kwa nyuma, ili upepo usiwapige.

Mwanzoni mwa 2023 simu yangu ikalia.

"Somo, kuna mchango. Wapemba wana kikao cha mambo ya vitambulisho, na wengine hawana nauli. Nakusanya mimi."

"Mbona wewe?"

"Manake najua ile fomu. Najua wataulizwa nini. Wakiulizwa babu, wasinyamaze."

Nikafikiria karatasi yangu ya manjano. Kinachomuumiza mtu popote kinaniumiza na mimi. Maneno hayakuwa ya uongo, yalikosa tu nauli. Somo alikuwa anafanya mambo yote mawili kwa wakati mmoja bila kuyataja: kuwahesabu wa ng'ambo ya mpaka kuwa watu wake, na kujua ni afisi gani, dirisha gani, saa ngapi. Sidhani tena kwamba moja ni ngazi ya kupandia jingine. Nadhani huruma isiyojua dirisha ni hewa tu, na ujuzi wa dirisha usio na huruma ndio ule uliomrudisha Somo siku nyingine.

Mwaka huo huo, Julai, serikali ikawatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya. Mimi na Somo tulilisikia kwenye redio, kila mmoja kwake.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya mchango nilifungua M-Pesa, nikaandika namba yake, ile ile ya zamani, nikatuma elfu mbili. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia. Jina letu. Halafu, pale mwisho, jina la baba yake mchonga vinyago, lote, herufi zote zipo.